Sura ya Sita: Meli Iliyopandishwa Nchi Kavu

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu pale Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, ikifanyiwa matengenezo. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba mkubwa wa ufukoni ambao, machoni pao, ulifanana na sanamu mashuhuri ya Misri. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba nchi yake imeingia vitani na Uingereza. Rhoades, nahodha Mwingereza wa meli ya Guendolen upande wa Nyasaland, habari alikuwa nazo, na amri alikuwa amepewa. Wawili hao walikuwa marafiki wa siku nyingi. Wakikutana bandarini walikunywa pamoja. Guendolen ikatokea mbele ya Liuli na kufyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua ndogo, akaifuata meli ya rafiki yake huku akifoka, akitaka kujua kama mwenzake amelewa. Aliambiwa kuna vita, na kwamba kuanzia saa hiyo yeye ni mateka.

Wanahistoria hulihesabu tukio hilo miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Mimi nalileta hapa kwa ajili ya nahau moja.

Waingereza husema mtu ameachwa “high and dry”. Kamusi itakuambia: kuachwa katika shida bila msaada. Fasili hiyo ni sahihi, lakini ukiikariri jioni, asubuhi huenda imekutoka. Sasa ipeleke Liuli. Maneno hayo ni ya mabaharia, nao walikisema hivyo chombo kilichokwama juu, maji yakakikimbia, kikabaki kimekauka, hakiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wissmann siku ile ilikuwa “high and dry” kwa maana ya mabaharia. Berndt alikuwa “high and dry” kwa maana ya kamusi, kwa kuwa waliopaswa kumpasha habari hawakumfikia. Mtu akikipata kisa hicho, maana haimponyoki tena. Na sentensi ya kwetu haiko mbali: “The lorry broke down at night and left us high and dry between Mbinga and Mbamba Bay.” Lori liliharibika usiku, tukabaki njiani hatuna wa kutusaidia.

Ninachokitetea katika sura hii ni hicho. Nahau ni mtoto wa kazi fulani au kisa fulani. Mwonyeshe mwanafunzi kwanza kazi hiyo, kisha mpe maana, kisha mwache atunge mfano kwa mambo ya kwao. Shule zetu nyingi hufuata njia nyingine. Mwalimu huchora mstari katikati ya ubao. Kushoto huandika nahau, kulia maana. Mwanafunzi hunakili, hukesha nayo usiku wa kuamkia mtihani, na mtihani ukipita orodha nzima hupotea. Simlaumu mwalimu huyo. Ana darasa kubwa, vitabu vichache na kipindi cha dakika 40. Ila orodha peke yake haifundishi lugha.

Tukumbuke pia mtoto huyu ni nani. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza hushika nafasi hiyo mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza. Mtoto wa Litembo ana Kimatengo cha nyumbani na Kiswahili cha shule. Wa Mbamba Bay ana Kinyasa, na wa Lituhi huenda ana Kimanda. Kiingereza kinamjia kikiwa lugha ya tatu, na akitoka darasani hana wa kuongea naye. Lakini mtoto huyo si mgeni wa nahau. Amekwisha kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na anajua kwamba maneno ya nyumbani hayapiti yalivyo katika Kiswahili. Uzoefu huo ni mtaji, nasi tunauacha ulale.

Chukua chombo tu. Kiingereza ni lugha ya watu wa kisiwani, na nahau zake nyingi zimetoka majini. “We are all in the same boat”: sote tumo katika hali moja, chombo kikizama tunazama pamoja. “Don't rock the boat”: usitikise chombo, yaani usilete matata mahali palipotulia. “To miss the boat”: kuchelewa hadi nafasi ikakupita. Mtu wa Mbamba Bay aliyewahi kufika gatini akaikuta meli imekwisha kung'oa nanga haelezwi mara mbili. “To learn the ropes” ni kujifunza mambo ya kazi mpya, na asili yake ni baharia mgeni aliyepaswa kuzijua kamba zote za tanga, ipi inavuta nini, kabla hajaaminiwa chombo. Kijana anayeingia mtumbwini kwa mara ya kwanza kwenda kuvua usipa hupitia shule hiyohiyo: kushika kasia, kutunza taa, kutupa wavu, kujua wakati wa kunyamaza. “My uncle took me out on the lake to teach me the ropes.” Sentensi hiyo ni ya kweli Liuli kuliko ilivyo London ya leo, ambako wengi wanaoitumia hawajawahi kushika kamba ya tanga.

Nyingine ni “to keep one's head above water”, kujitahidi usizame, hasa katika mambo ya fedha. Hapa ziwa na mlima vinakutana, kwa maana mkulima wa kahawa wa Mbinga anaijua hali hiyo vizuri. Kahawa ameikabidhi chama chake cha ushirika, AMCOS, malipo ya kwanza yameishia kwenye ada na mbolea, ya pili hayajafika. “The first payment helped us to keep our heads above water.” Na upepo wa kusi unapovuma, ule ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera, mtumbwi hutafuta ghuba iliyo karibu, iwe nzuri iwe mbaya. Hapo Waingereza husema “any port in a storm”. Mfundishe hivyo mtoto wa mvuvi, naye ataanza kukupa mifano ambayo wewe mwenyewe hukuifikiria.

Milimani mambo hubadilika. Wamatengo hulima kwa ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mteremkoni yanayozuia mvua kuchukua udongo. Maharage hupandwa kama mwezi wa tatu ngoro zikiisha kuchimbwa, na mahindi huyafuata mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Kwa watu wa maharage, “to spill the beans” ni zawadi. Neno kwa neno ni kumwaga maharage. Maana yake ni kutoa siri. Na Kiswahili kina ndugu yake wa damu: usimwage mtama kwenye kuku wengi. Lugha mbili zisizojuana zimeona jambo lilelile katika nafaka iliyomwagika, kwamba hairudi yote chomboni. Lakini angalia usivuke mpaka. Kumwaga unga, kwa Kiswahili, ni kufukuzwa kazi, na Mwingereza aliyefukuzwa kazi hamwagi kitu. Yeye husema “I got the sack”. Unga anaujua kwa njia nyingine: “bread and butter” ni riziki ya mtu, kazi inayomweka mjini. “Coffee is the bread and butter of Mbinga.”

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye “to beat about the bush”. Wawindaji wa Ulaya walikuwa na watu wa kupigapiga vichaka ili ndege waruke. Aliyezungukazunguka kichaka hakuwa amefika kwenye windo. Ndiyo maana nahau hiyo inamhusu mtu anayezunguka maneno bila kusema anachokitaka. Mwanafunzi wetu mwerevu husikia kichaka na kuzunguka, akakumbuka kuzunguka mbuyu, akaandika kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Anayezunguka mbuyu kwetu anatoa rushwa. Sentensi isiyo na hatia kwa Kiingereza inageuka tuhuma ya jinai kwa Kiswahili. Kufanana kwa picha kusikudanganye; uliza kila mara watu wanaitumia picha hiyo kusema nini.

Chumvi ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu ndani yake mna kufanana na kutofautiana kwa pamoja. Mswahili akisema fulani ametia chumvi, ana maana kwamba msimulizi ameongeza yasiyokuwepo. Chumvi iko mkononi mwa anayesema. Kwa Mwingereza iko mkononi mwa anayesikiliza: “to take something with a pinch of salt” ni kuipokea habari kwa tahadhari, usiiamini yote. “He says the nets were breaking with fish, but I take his stories with a pinch of salt.” Mvuvi ametia chumvi yake, msikilizaji ametia yake, na ukweli umebaki katikati. Halafu “worth his salt” husemwa juu ya mtu anayeimudu kazi yake barabara: “Any fisherman worth his salt can tell when the mwera is coming.” Kisha “to rub salt into the wound”, kumwongezea maumivu aliyekwisha kuumia, ambako sisi husema kutonesha kidonda. Na kula chumvi nyingi, sifa tunayompa mzee aliyeishi miaka mingi, usimpelekee Mwingereza neno kwa neno. Atadhani unasema habari za chakula chake.

Iko ghala nyingine ya nahau ambayo watu wa Mbinga na Nyasa wanayo tayari, na sijui kwa nini hatuifungui. Ni Biblia. Tafsiri ya Kiingereza ya 1611, iliyoagizwa na Mfalme James, iliingia katika mazungumzo ya Waingereza kiasi kwamba hata wale wasiokwenda kanisani wanaitumia. Wakisema “the writing on the wall”, yaani dalili za wazi kwamba mambo yanaharibika, wanazungumzia karamu ya Belshaza katika kitabu cha Danieli. “Feet of clay”, udhaifu uliojificha kwa mtu tunayemtukuza, ni ile sanamu ya ndoto ya Nebukadneza. “A drop in the bucket”, kitu kidogo mno kisichoziba pengo, imo katika Isaya. “To go the extra mile”, kufanya zaidi ya ulichotakiwa, imo katika mahubiri ya mlimani. “The blind leading the blind” haihitaji maelezo, wala “a wolf in sheep's clothing”. “By the skin of one's teeth”, kuponea chupuchupu, imetoka kwa Ayubu.

Sasa fikiria Mbinga. Wabenediktini walifika Peramiho 1898, Kigonsera ikafuata muda si mrefu baadaye, na Jimbo Katoliki la Mbinga lilizaliwa 1986. Ufukoni, Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na makao yao makuu kisiwani Likoma, na Liuli ilikuwa moja ya vituo vyao vikubwa. Wazee wa huku wamezisikia hadithi hizo tangu utoto, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Mtoto anayezijua ana nusu ya nahau kabla hajafungua kamusi. Kilichobaki ni kumwonyesha kila moja inavyosemwa kwa Kiingereza.

Na yupo Mwingereza aliyepita njia hiyohiyo kwa kuelekea upande wa pili. William Percival Johnson, padri wa UMCA, alifika kwenye ziwa hili miaka ya 1880 na akaishi kando yake zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki Liuli 1928 na kuzikwa hapo. Alitafsiri Maandiko katika Kinyanja. Lugha aliipata kwa kutembea kijiji hadi kijiji na kwa kusafiri majini pamoja na watu, nyakati nyingine katika meli ya Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani 1901 na kukusudiwa iwe pia mahali pa kuwafundishia walimu. Meli hiyo ilipewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilihili 1895. Johnson alijifunza maneno pale yalipokuwa yanafanya kazi, na hakuna njia bora kuliko hiyo.

Shakespeare naye hayuko mbali kama tunavyodhani. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963, kisha Mabepari wa Venisi 1969. Anayekijua kisa cha Shailoki anaielewa “a pound of flesh” mara moja: kudai haki yako ya kisheria hadi mwisho, bila huruma kwa aliyeshindwa kulipa. “It's all Greek to me”, jambo nisiloelewa hata kidogo, ilienezwa na mchezo ule wa Kaisari. Tafsiri hizo zinastahili kukaa kwenye dawati la mwalimu wa Kiingereza, siyo la mwalimu wa Kiswahili peke yake.

Nimesema sana juu ya nahau zenye picha, na sasa niseme jambo linalowauma wanafunzi zaidi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukwama kwenye kitenzi piga. Anaambiwa maana yake, kisha anasikia piga simu, piga pasi, piga picha, piga hodi, piga magoti, piga kura, na hakuna anayeumia. Kiingereza kimejaa vitenzi vya namna hiyo, ila kazi ya kubadili maana hufanywa na kijineno kinachofuata nyuma. Give ni kutoa. Lakini “give up” ni kukata tamaa au kuacha, “give in” ni kusalimu amri, “give away” ni kugawa bure, na pia kufichua. Look ni kutazama. Lakini “look after” ni kutunza, “look into” ni kuchunguza, “look down on” ni kudharau. “Run out of” ni kuishiwa, “put up with” ni kuvumilia. Vijineno hivi havina picha ya kuvutia, na kwa hiyo vitabu vya nahau huvipita haraka. Hilo ni kosa kubwa. Mtu anaweza kuishi mwaka mzima na Waingereza asisikie nusu ya nahau za orodha za shule, lakini hatamaliza asubuhi moja bila “run out of” na “put up with”.

Njia ya kuvishika ni sentensi nzima. Usiandike “look after: kutunza”. Andika: “My grandmother looked after the seedlings until the rains came.” Andika: “We ran out of sugar, so we drank our coffee without it.” Kuna kimoja cha kuangalia kwa uangalifu kwa kuwa hutokea katika kila barua ya maombi ya kazi: “I look forward to hearing from you.” Ni kutazamia kwa hamu, na baada ya to hapo huja hearing, kamwe si hear. Kwa wengi ndiyo sentensi ya mwisho ambayo mwajiri anaisoma.

Adabu nayo ina nafasi yake. “To kick the bucket” ni kufa, na orodha za shule huipenda. Usiitamke mbele ya mfiwa. Ni maneno ya mzaha, na msiba hauna mzaha. Kama sisi tunavyosema amefariki au ameaga dunia, Mwingereza husema “she passed away”, na ukienda kumpa pole utasema “I am sorry for your loss”. Afrika Mashariki tumezoea kusema “sorry” kila mtu anapojikwaa, kwa sababu tunatafuta pole yetu. Mwingereza asiyetuzoea hujiuliza kwa nini unamwomba radhi ilhali hukumkosea. Kadhalika “it's raining cats and dogs”, ambayo karibu kila mtoto wa shule anaijua, Waingereza wa leo huitumia kwa nadra. Mvua ikimwagika juu ya vilima vya Umatengo, sema “it's pouring”. Utaeleweka na hutasikika kama kitabu cha zamani.

Zipo nahau zinazotaka jiografia. “To carry coals to Newcastle” ni kupeleka kitu mahali kilipojaa. Newcastle ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, na kwa karne nyingi meli zilibeba makaa ya mawe kutoka huko kwenda London. Mwalimu wa Mbinga ana bahati hapa, kwani makaa ya Ngaka yako wilayani mwake. Aulize darasa: nani atapeleka makaa Ngaka? Nani atapeleka usipa Liuli, au kahawa Mbinga? Baada ya hapo Newcastle si jina geni tena.

Anayedhani Kiingereza kizuri hakiwezi kuanzia kwenye vilima hivi amkumbuke Benjamin Mkapa. Kabla ya Pugu na Makerere alisoma Kigonsera. Baadaye aliongoza gazeti la Daily News, akawa Rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005, na 2019 akatoa kumbukumbu za maisha yake alizoziandika kwa Kiingereza.

Basi chukua daftari jembamba, ligawe kurasa kwa kazi: ziwa, shamba, jiko, soko, kanisa au msikiti, msiba. Kila nahau unayokutana nayo ipeleke kwenye ukurasa wake. Andika kazi au kisa kilichoizaa, maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe, na sentensi moja ya Kiingereza yenye mahali unapopajua. Tano kwa wiki zinatosha. Wiki ya kwanza anza na za chombo, kwa kuwa wa kukusahihisha ni wengi. Na wewe mwalimu unayefundisha Lituhi, Liuli, Litembo au Mbamba Bay, kabla hujachora mstari katikati ya ubao, waombe wanafunzi wakueleze jinsi wazazi wao wanavyovua, wanavyochimba ngoro na wanavyoanika kahawa. Kisha wape Kiingereza chake.